Mfuate kwenye mpaka wa shamba: jinsi nilivyompata babu Mjerumani wa wakwe zangu, Pennsylvania

Mume wangu ni mtu wa Pennsylvania, mimi ni binti wa Machame. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu mama mkwe aliniketisha mezani akanisimulia habari za babu wa kwanza wa ukoo: askari kutoka Hesse, Ujerumani, aliyeletwa na Waingereza kupigana na jeshi la George Washington kwenye vita ya uhuru wa Marekani, akatoroka jeshini, akajificha kwenye ghala la mkulima, akaishia kumwoa binti wa mkulima yule. Hadithi tamu. Niliiamini, nikapoteza majira mawili ya baridi nikimtafuta kwenye orodha za askari wa Hesse. Hakuwamo. Alikuwa mkulima tu, na shamba lake lilikuwa limeshaombwa kwa maandishi mwaka 1744, miaka 32 kabla Wahesse hawajashuka Marekani.

Nawaandikia ninyi mlioa au kuolewa huku, ambao siku moja mtoto atarudi na kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo. Upande wetu niliumaliza kwa simu moja kwa shangazi. Upande wa baba yao ulinila Jumamosi za miaka mitatu, na nusu ya muda huo ulipotea kwa sababu nilianzia mahali pasipofaa.

Jina la ukoo silitaji, wenyewe wapo na hawapendi kuanikwa. Huyo babu nitamwita Babu Yohana, na hapo siko mbali na ukweli: kwenye merikebu za Wajerumani wa karne ya 18, ukirusha jiwe gizani litampata Johann. Walibatizwa majina mawili, la kwanza likiwa pambo, la pili ndilo la kuitwa. Johann Michael nyumbani ni Michael. Johann Peter ni Peter. Wanaweza kuwa ndugu watano, wote Johann, na hakuna aliyeona ajabu. Ila ukikuta Johannes, huyo mara nyingi ndiye Yohana mwenyewe.

Jina la ukoo nalo lisikutie imani. La wakwe zangu leo linaanza na K. Kwenye orodha ya merikebu linaanza na G, kwenye kitabu cha ardhi linaanza na C. Karani alikuwa Mwingereza, msemaji alikuwa mtu wa bonde la Rhine ambaye b na p, d na t, g na k kinywani mwake ni ndugu. Karani akaandika alichosikia. Sisi hili halitushangazi: baba yangu ana cheti cha ubatizo, cha shule na kitambulisho, na vyote vitatu havikubaliani jina. Wengine walitafsiri kabisa: Zimmermann akawa Carpenter, Schwartz akawa Black, Schneider akawa Snyder au hata Taylor. Na ukiona mwanamke ameandikwa Müllerin, usifungue ukoo mpya. Huyo ni mke au binti wa Müller.

Kwa hiyo usianze na jina, na usianze na merikebu. Kila mtu anaanza na merikebu kwa sababu inapendeza. Anza na ardhi.

Shamba halihami

Rudi nyuma kizazi kwa kizazi hadi ufike kwa mtu ambaye unajua kwa hakika alilima wapi. Sensa ya kwanza ya Marekani ni ya 1790 na inataja wakuu wa kaya tu, lakini inatosha kukuonyesha kaunti, na mahali pengine hata taunishipu, ambayo ni kama kata kwetu. Halafu tafuta kaunti hiyo ilizaliwa lini. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Shamba la Babu Yohana lilikuwa kaunti ya Lancaster, iliyoundwa 1729. Mwaka 1785 eneo lile likakatwa likawa Dauphin. Mwaka 1813 likakatwa tena likawa Lebanon. Wosia wa babu uko mahakama ya Lancaster, mirathi ya mwanawe iko Harrisburg, makao ya Dauphin, na hati ya mjukuu iko Lebanon. Watu watatu, kaunti tatu, na hakuna aliyehamisha hata kuku.

Sasa ardhi yenyewe ilivyogawiwa. Pennsylvania ilikuwa mali ya familia ya Penn tangu Mfalme Charles II alipompa William Penn hati mwaka 1681. Aliyetaka shamba alipeleka maombi kwenye ofisi yao ya ardhi, akalipa sehemu ya bei, akapewa waranti. Waranti si hati miliki. Ni amri kwa mpima ardhi: nenda ukampimie fulani ekari kadhaa mahali fulani. Mpima akaenda na mnyororo na dira, akachora ramani. Ripoti ikarudishwa ofisini. Salio likilipwa lote, ndipo inatoka patenti, hati ya mwisho. Kati ya waranti na patenti inaweza kupita miaka miwili au sitini, maana wengi waliona wameshakaa, wanalima, jirani anawajua, za nini kuharakisha kulipa? Haki ya waranti iliweza kuuzwa au kurithiwa, kwa hiyo jina la kwenye patenti si lazima liwe la aliyefyeka msitu. Patenti ya shamba letu ina jina la mtu ambaye hatumjui hata kidogo. Alilinunua kwa mjukuu.

Kumbukumbu hizi ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo, Harrisburg, na picha za vitabu vingi zimewekwa kwenye tovuti yao bure. Fungua kwanza rejista ya waranti ya kaunti. Imepangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo, na ndani ya herufi kwa tarehe. Usisome herufi moja. Mimi nilisoma K yote, nikasoma G, na nilipofika C ndipo nikamkuta. Kila mstari una jina, ekari, tarehe ya waranti, tarehe ya ripoti, jina la aliyepata patenti, na mwishoni namba ya kitabu na ukurasa wa ramani ya upimaji. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo; iandike kabla hujaenda kunywa chai.

Kisha isome waranti yenyewe, usiishie kwenye rejista. Ya Babu Yohana ni ya ekari 150. Bei ya wakati ule ilikuwa pauni 15 na shilingi 10 kwa kila ekari 100, yaani kwake pauni 23 na shilingi 5, na juu yake kodi ya kudumu ya nusu peni kwa ekari kila mwaka. Lakini kilichoniinua kwenye kiti ni kifungu kidogo katikati: riba na kodi zihesabiwe kuanzia tarehe mosi Machi 1738. Waranti za watu waliokwisha kukaa kwenye ardhi huwa na kifungu hicho. Ofisi ilikuwa inamwambia: tunajua umelima hapo miaka sita bila kulipa, basi lipa tangu ulipoingia.

Sasa angalia. Mtandaoni kuna mti wa ukoo, umenakiliwa na watu chungu nzima, unaosema alishuka Philadelphia 1749. Mtu hawezi kudaiwa riba ya shamba la 1738 akiwa bado kijijini kwao Ujerumani. Mstari mmoja wa karani uliuangusha mti mzima, na Wahesse wa mama mkwe nao. Nilimpigia simu usiku uleule. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hakutoroka jeshi?" Nilimwonea huruma.

Tahadhari ya kalenda: kabla ya 1752 Waingereza walianza mwaka tarehe 25 Machi. Februari ya 1739 kwa karani wa Philadelphia ni Februari ya 1740 kwetu, na mara nyingi utaiona imeandikwa 1739/40. Vitabu vingi vya makanisa ya Kijerumani vilikuwa vimeshahamia kalenda mpya, siku 11 mbele. Ukiona mtoto "amezaliwa baada ya kubatizwa", tatizo ni kalenda.

Mezani, na mkasi

Ramani ya upimaji ina mistari, kila mstari una mwelekeo wa dira na urefu kwa kipimo cha zamani, pechi, ambayo ni futi 16 na nusu, kama mita 5. Penye kona pameandikwa alama: mwaloni mweupe, mwaloni mweusi, mhikori, rundo la mawe. Na nje ya kila mstari kuna jina la jirani.

Mimi wa Machame nilipoona hivyo nilicheka peke yangu. Kwetu mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ni masale, mimea inayopandwa kwa safu. Ukiona safu ya masale huulizi tena, na mtu akiyang'oa, hayo si mambo ya kucheka. Mzungu naye alikuwa na masale yake, ila yeye alitumia mialoni, na mwaloni ukianguka kesi inaanza.

Fanya hivi. Chukua karatasi ngumu (mimi nilitumia maboksi ya nafaka ya watoto), rula, penseli na kipimapembe. Milimita moja iwe pechi moja. Mstari unaosema kaskazini digrii 40 mashariki, pechi 120, unakuwa sentimita 12. Chora mstari kwa mstari hadi urudi ulikoanzia. Ukibaki na pengo dogo usihangaike. Mnyororo uliburuzwa kwenye vichaka. Ekari zikizidi kidogo zilizoandikwa, hiyo ni ile asilimia 6 iliyoongezwa kwa ajili ya barabara. Kata kwa mkasi. Halafu katafute waranti za wale majirani, chora na mashamba yao, kata, yaunganishe.

Mama mkwe alikuja Jumamosi moja, tukawa na vipande saba mezani. Cha nne kilikuwa na pua ndefu upande wa mashariki, hatukujua kinakaa wapi. Yeye ndiye aliyekizungusha kikaingia kwenye pengo la kipande cha Babu Yohana, chap, kama mfuniko wa sufuria. Mstari uleule, mwaloni uleule. Kwenye ramani ile jirani huyo alikuwa na jina ambalo tulikuwa tumeliona mahali pengine: kwenye kitabu cha ubatizo, akiwa mdhamini wa mtoto wa kwanza wa Babu Yohana. Kitabu hicho ni cha mchungaji John Casper Stoever, Mlutheri aliyezunguka maeneo haya na farasi wake, akaandika ubatizo na ndoa kuanzia 1730 hadi 1779. Mimi ni Mlutheri wa Kilimanjaro. Nilivisoma vile vitabu nikaona mpangilio uleule wa usharika wetu: mtoto, wazazi, wadhamini. Na wadhamini si watu wa kuokota. Ni ndugu, shemeji, au mtu wa kijiji kimoja.

Ndipo, na ndipo tu, nenda kwenye merikebu.

Tangu Septemba 1727 serikali ya Pennsylvania iliwataka wanaume wa kigeni wenye miaka 16 na zaidi wale kiapo cha utii walipofika Philadelphia. Wote waliitwa "Palatines", yaani watu wa Pfalz, bonde la Rhine, hata aliyetoka Württemberg au Uswisi. Merikebu nyingi zilitoka Rotterdam zikapitia Cowes, Uingereza. Kunaweza kuwa na orodha tatu kwa merikebu moja: ya nahodha, na mbili za viapo walizotia sahihi wenyewe. Orodha hizo zilichapishwa 1934 kwa juzuu tatu, na juzuu ya pili ina picha za sahihi. Usitafute babu yako peke yake. Tafuta majirani zake wakiwa kundi. Mimi nilikuwa na majina saba ya mezani. Watatu, pamoja na Babu Yohana wa herufi G, wamo kwenye merikebu moja ya 1732, wamefuatana kama foleni ya maziwa.

Ni yeye? Kwenye orodha hakuweza kuandika. Karani aliandika jina, yeye akaweka alama yake: H yenye mguu mmoja mfupi. Lancaster kuna dhamana ya mirathi ya jirani aliyefariki, Babu Yohana ni mmoja wa wadhamini wake, na chini kuna H yenye mguu mmoja mfupi. Tafuta sahihi kwenye dhamana za namna hii kuliko kwenye wosia. Wosia mtu huutia sahihi akiwa kitandani, na hata aliyejua kusoma mkono wake hutetemeka akaweka msalaba.

Kati ya 1732 na 1738 sijui alikuwa wapi, na sijapata karatasi. Wengi walioshindwa nauli walifanya kazi miaka kadhaa kwa aliyewalipia, na kazi hiyo haiachi hati ya ardhi. Jambo lingine: ardhi ya Tulpehocken, jirani na hapo, ilikaliwa na Wajerumani waliotoka New York tangu 1723, kabla familia ya Penn haijainunua kwa Walenape, wenyeji wa asili, mwaka 1732. Mtu aliyelima hapo mapema asingeweza kupewa waranti hata angetaka. Na Walenape wenyewe hawamo kwenye vipande vyangu vya boksi.

Kupita tu: tangu 1740 sheria ya Bunge la Uingereza iliruhusu Mprotestanti wa kigeni aliyekaa koloni miaka saba kuwa raia, akionyesha alishiriki Meza ya Bwana ndani ya miezi mitatu. Majina hayo yamechapishwa. Angalia, lakini asipokuwamo usilie, wengi hawakujishughulisha.

Mgambo

Kwenye jeshi watu hutafuta shujaa. Wewe tafuta orodha ya majirani.

Kwa vita ya 1754 hadi 1763 dhidi ya Wafaransa matumaini yawe madogo, Pennsylvania ya Waquaker, dhehebu linalokataa vita, haikuwa na mgambo wa lazima. Ila kama mtu wako anatoweka kwenye kodi 1756 au 1757, fikiria rejimenti ya Royal American, iliyoundwa wakati huo na kuandikisha Wajerumani wengi, chini ya maofisa kama Mswisi Henry Bouquet.

Mambo yanakolea kwenye vita ya uhuru, Machi 1777. Sheria ya mgambo iliwahusu wanaume weupe wa miaka 18 hadi 53. (Wanangu wasingeandikwa. Nililisoma neno lile mara mbili.) Kila kaunti iligawiwa vikosi, kila kikosi kombania, na kombania ilikuwa watu wa eneo moja, wamegawanywa makundi manane ya kuitwa kwa zamu ya miezi miwili. Kwa hiyo orodha ya kapteni ni kama kugonga mlango kwa mlango. Babu Yohana alishapita umri, lakini wanawe wawili wamo, na majina yanayowazunguka ni watoto wa wale wale wa vipande vya boksi. Hivyo ndivyo unavyotofautisha watu wawili wenye jina moja: tazama nani amesimama kando yao. Neno "junior" lisikudanganye, wakati ule lilimaanisha mdogo kati ya wawili wa eneo lile, hata kama hawahusiani.

Asiyehudhuria alitozwa faini, na orodha za faini zipo. Wamenoni na watu wengine wa makanisa yasiyoshika silaha utawakuta humo, kwa hiyo faini si woga, inaweza kuwa ndiyo dini yake. Angalia pia orodha za kodi za miaka hiyo: ekari, farasi, ng'ombe, na kwenye baadhi yake safu ya watumwa. Nilipofika kwenye safu hiyo niliweka kidole kwenye mstari wa mwana mkubwa nikakitelezesha polepole. Palikuwa patupu. Mstari wa tatu chini yake hapakuwa patupu.

Faili nono ni za pensheni. Kumbukumbu za Wizara ya Vita ziliungua Novemba 1800, lakini wazee walipoanza kudai, walilazimika kusimulia upya. Sheria ya 1818 ilikuwa kwa askari wa jeshi la kudumu waliokuwa maskini. Ya 1832 iliwafungulia mlango mgambo wenye jumla ya miezi sita au zaidi, yaani zamu tatu. Mwana mdogo alisimama mahakamani mwaka ule, mzee wa miaka 76, akaeleza amezaliwa wapi, kapteni wake nani, walilala wapi, viatu viliisha lini. Baadaye mjane wake alidai lake, na kuthibitisha ndoa na umri alipeleka kilichokuwepo: karatasi ya ubatizo wa mumewe, ya Kijerumani, imepakwa rangi, ndege wawili na maua ya tulipu, imekunjwa mara nne. Ipo mpaka leo kwenye faili, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, mjini Washington. Usiridhike na muhtasari wa jina na cheo. Omba faili zima, kila ukurasa.

Kwenye karatasi ile ya ndege, baba wa mtoto, yaani Babu Yohana, ametajwa kwa jina lake na, kwa wino uliofifia, mahali alikotoka. Herufi nne za mwanzo nimezisoma, zilizobaki ziko kwenye mkunjo. Wale majirani watatu wa merikebuni nimeshapata kijiji cha mmoja, na kinaanza kwa herufi hizohizo nne. Nimeiandikia parokia ya huko kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, nikaomba ubatizo wa miaka ya 1708 hadi 1714, kwa herufi G na K. Mama mkwe ananiuliza kila Jumapili kama barua imejibiwa.